Wananiita "msanii wetu", lakini kwenye makala simo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Kilifi, na riziki yangu ni kusuka. Ukili nilifundishwa na nyanya yangu kabla sijaanza shule. Kushona wavu nilijifunza kwa baba, ambaye ni mvuvi, kwa kukaa naye ufuoni akitengeneza nyavu zake zilizochanika. Siku hizi sisuki mikeka ya kulalia. Natengeneza kazi kubwa za kutundikwa, za miyaa, mshipi wa kuvulia na kamba kuukuu, na zimeshaoneshwa Mombasa na Nairobi.

Mwaka jana, kwenye maonyesho mojawapo, kijana mmoja alisimama mbele ya kazi yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: maji yakimwagwa juu ya kitu hiki, yatateremkia wapi? Kumbe ni mhandisi, mtafiti katika maabara ya chuo kikuu kimoja. Wanatengeneza nyavu za kunasa ukungu ili watu wa milimani wapate maji ya kunywa. Haukupita muda nikaletewa barua ya kualikwa niwe msanii mgeni wa maabara yao. Nikapewa meza, kadi ya mlangoni, nauli na chakula cha mchana. Mkataba hatukuandikiana.

Mwalimu, sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia pale. Wana kisanduku kirefu cha vioo. Upande mmoja kuna mashine ya kutoa ukungu na feni ya kuusukuma, katikati unatundikwa wavu, na chini kuna kimfereji kinachopeleka maji kwenye mizani. Nilikuwa nakaa kwenye stuli natazama tu. Nikaona kwamba wavu wao wa plastiki ukishalowa macho yake yanaziba maji, na ukungu unaofuata unapita pembeni na kwenda zake. Nikaomba fremu tupu, nikatandaza mishipi ya wima peke yake, bila ya kukatiza. Maji yakawa yanateremka moja kwa moja. Lakini mishipi ikilowa ilianza kuegemeana, miwili miwili, kisha minne minne. Hapo nikakumbuka jinsi nyanya anavyounga ukili kwa ukili kwa uzi usioonekana. Nikapitisha uzi mwembamba kila baada ya shubiri, kwa fundo linaloshika bila kubana, na mishipi ikatulia mahali pake. Yule kijana alikesha akipima, na alfajiri akanipigia simu sauti ikimtetemeka kwa furaha.

Sasa makala ya kitaalamu imeandikwa na karibu itatumwa kwenye jarida. Kijana alinionesha rasimu. Mishipi ya wima imo, fundo limo, na mchoro wa fundo nilioutia mkono mimi mwenyewe umo. Majina ya waandishi ni sita, langu halimo. Mwishoni, kwenye shukrani, pameandikwa kwamba wanamshukuru "msanii wetu" kwa kuipendezesha maabara. Nilipomuuliza profesa alinijibu kwa upole kabisa: makala za sayansi haziandikwi na wasanii, jina lako litakuwa kwenye maonyesho.

Na yapo mengine. Nilikuwa nimekusanya nyavu zao za majaribio zilizoshindwa, zile za zamani zilizokaa milimani zikachanika na kuota kuvu, nikaziunga kuwa kazi moja ndefu. Kuna ukumbi wa sanaa unaitaka. Profesa anasema nisiioneshe mpaka mambo ya hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, yaishe, na kwamba hizo nyavu ni mali ya maabara. Wakati huohuo wafadhili wao wanakuja, nami nimeombwa nisuke kitu cha kupendeza cha kutundika ukumbini, nije nimevaa kanga nipigwe picha.

Kijana ananitetea, ila mkataba wake wa kazi uko mikononi mwa profesa huyohuyo. Mume wangu anasema niache, nirudi kwenye kazi zangu. Baba anasema nikidai nitaonekana mtu wa makuu, kwani walinifungulia mlango mimi nisiye na digrii. Mimi sitaki kuondoka. Lakini kila nikiisoma ile sentensi ya shukrani, kifua kinanibana.

Nidai au ninyamaze?

Msusi wa Kilifi

Marahaba, binti yangu.

Dai. Dai sasa hivi, kabla makala haijatumwa, kwa sababu jina huongezwa kwa urahisi kwenye rasimu na kwa taabu kubwa kwenye makala iliyokwisha kuchapishwa. Ila dai kilicho chako, usizidishe wala usipunguze, na hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana kuna jambo huenda hujaambiwa.

Mishipi ya wima isiyo na ya kukatiza si wazo jipya duniani. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, walichapisha makala juu ya chombo cha kunasia ukungu walichokifananisha na kinubi: nyaya zimesimama wima tu. Walieleza tatizo lilelile uliloliona wewe ukiwa kwenye stuli. Macho ya wavu yakiwa makubwa, matone ya ukungu, ambayo ni membamba kuliko unywele, yanapita katikati bila kugusa kitu. Yakiwa madogo, maji yanakwama na kuyaziba. Nyaya za wima zinaweza kukaribiana sana na bado zikayaachia maji yateremke. Kwenye vipimo vyao vya maabara kinubi kilikusanya maji hadi mara 3 ya wavu wa kawaida.

Kwa hiyo usiingie ofisini kwa profesa ukisema umeibiwa uvumbuzi wa mishipi ya wima. Akiwa amesoma atakujibu kwa makala hiyo, na utatoka umevunjika moyo bure. Uliliona jambo kwa macho yako mwenyewe bila kufundishwa na mtu, na hilo ni la kujivunia, lakini wenzako walishalichapisha. Muulize kijana kama rasimu yao inaitaja kazi ya Virginia Tech. Isipoitaja, wahakiki wa jarida wataishika.

Sasa geuza upande wa pili. Kati ya waandishi watano wa makala hiyo yumo Brook Kennedy. Huyu si mhandisi. Ni profesa wa ubunifu wa bidhaa, mtu wa michoro na maumbo, aliyevutiwa na jinsi miti mirefu ya pwani ya California inavyonasa ukungu kwa majani yake membamba. Mhandisi Jonathan Boreyko na wanafunzi wake walifanya vipimo na mahesabu, na jina la mbunifu likawekwa pamoja na yao. Profesa wako amekuambia makala za sayansi haziandikwi na wasanii. Makala iliyo karibu kuliko zote na kazi yenu inamkanusha, na unaweza kumwekea mezani bila kupandisha sauti.

Kilicho chako hasa ni fundo, pamoja na kule kutambua kwamba mishipi iliyolowa itavutana na kwamba inahitaji kutenganishwa bila kurudisha macho ya wavu yanayoziba. Hata hapo, tatizo la nyaya kushikana zikilowa linajulikana na wapo wengine wanaolihangaikia, kwa hiyo sikuahidi kwamba fundo lako halina mfano. Lakini katika makala hii, kwa matokeo haya, mbinu iliyofanya chombo kifanye kazi ilitoka mikononi mwako. Anayeleta mbinu haandikwi kwenye shukrani kwa kupendezesha maabara.

Nikueleze wanavyohesabu waandishi, maana mara nyingi msanii huishia kunyamaza kwa kutojua kanuni za nyumba aliyokaribishwa. Kwa kanuni ambazo majarida mengi yanazifuata, mwandishi ni mtu aliyechangia kwa uzito katika wazo, mbinu au vipimo. Akashiriki kuandika au kuihakiki rasimu. Akaridhia toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa yaliyomo. La kwanza umeshalifanya. Yaliyobaki hukupewa nafasi ya kuyafanya, na mtu hawezi kunyimwa nafasi kisha akaambiwa hakuitumia. Omba uandike aya inayoeleza fundo na usahihishe maelezo ya mchoro. Nina hakika kuna kosa dogo humo ambalo ni msusi tu anaweza kuliona. Tena siku hizi majarida mengi yana orodha ya majukumu 14, ambapo kila mwandishi huandikiwa alichofanya: nani alitoa wazo, nani alibuni mbinu, nani alipima, nani alitengeneza michoro. Mbinu na michoro, binti yangu, ni mahali pako. Na kama hutaki mzigo wa kuwajibika kwa makala nzima, yaani kujibu maswali ya wahakiki na kusimama nayo miaka ijayo, ni haki yako kuukataa. Hapo omba shukrani zenye jina lako kamili na kazi uliyoifanya, si "msanii wetu". Mimi kwa maoni yangu nakushauri uuchukue mzigo.

Kabla ya kwenda, andika kumbukumbu. Tafuta kwenye simu picha za fremu ya kwanza, ujumbe ulioandikiana na kijana, michoro ya daftarini, na uzipange kwa tarehe. Huendi mahakamani. Ni kwamba watu wakifurahi pamoja kila mmoja hukumbuka mkono wake mwenyewe ndio uliofanya, na profesa ambaye hakuwepo siku hiyo huenda kwa dhati kabisa hajui fundo lilitoka wapi. Kijana usimfanye ngao. Usimwombe akugombee, mwombe tu, akiulizwa, aseme alichokipima na nani alikifunga. Hilo ni neno la kweli, na haliuweki mkataba wake hatarini kama vile kumpinga bosi wake mbele ya watu.

Baba yako anaogopa utaonekana mtu wa makuu. Mpe heshima yake, lakini mweleze habari ya Fujiko Nakaya, mwanamke wa Kijapani ambaye naye kazi yake ilikuwa ukungu.

Mwaka 1970 palikuwa na maonyesho ya dunia mjini Osaka. Kikundi kinachoitwa Experiments in Art and Technology kilipewa kazi ya kujenga banda la kampuni ya Pepsi. Kikundi hicho kilianzishwa New York miaka ya 1960 na wahandisi Billy Klüver na Fred Waldhauer wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, pamoja na wasanii Robert Rauschenberg na Robert Whitman, na shabaha yao ilikuwa hiyohiyo inayokusumbua wewe: msanii na mhandisi wafanye kazi bega kwa bega, asiwepo mtumishi wa mwenzake. Nakaya alitaka kulifunika banda zima kwa ukungu. Alikuwa amekulia karibu na sayansi, kwani baba yake Ukichiro Nakaya ndiye aliyetengeneza chembe ya theluji maabarani mwaka 1936. Wakampata Thomas Mee, mwanafizikia wa mawingu kutoka California. Mee alikuwa na ujuzi wa kutengeneza ukungu kwa kemikali. Nakaya akakataa. Alitaka ukungu wa maji matupu, ambao watu wataingia ndani yake, watauvuta puani, watoto watakimbia humo.

Ikabidi Mee atafute njia nyingine: maji yasukumwe kwa nguvu kubwa kupitia matundu membamba mno, yapasuke kuwa matone yanayoelea. Banda likazingirwa na nozeli, yaani vichwa vyenye matundu hayo, zaidi ya 2,000, na ukungu ukatanda ukisogea na upepo. Baadaye kampuni ya Mee iliendelea kuuza mitambo ya aina hiyo kwa mashamba na kwa kupoozea mitambo ya kuzalisha umeme. Nakaya aliendelea kutengeneza sanamu za ukungu katika nchi nyingi kwa miongo iliyofuata, na jina lake ndilo linalotajwa hadi leo.

Lile neno lake la kukataa lilikuwa sharti la kihandisi, ingawa lilitoka kwa msanii. Bila sharti hilo Mee asingekuwa na sababu ya kwenda mbali kuliko kemikali zake. Wewe nawe hukuipamba maabara. Ulikaa kwenye stuli ukatazama kwa jicho ambalo wao hawakuwa nalo, kwa sababu wao walikuwa wakitazama mizani. Hiyo ni kazi ya utafiti, na ingekuwa kazi ya utafiti hata kama usingegusa mshipi hata mmoja.

Banda hilohilo lina upande wa huzuni ambao unakuhusu. Kikundi na Pepsi waligombana juu ya gharama na mkataba, na maonyesho hayajafika mbali Pepsi wakalichukua banda wakaliendesha wenyewe. Wale walikuwa watu wenye majina makubwa na wanasheria. Wewe una barua ya mwaliko na kadi ya mlangoni. Kwa hiyo yanayofuata hapa yaandikwe karatasini, hata kama ni ukurasa mmoja, na yatiwe saini.

Kwenye hataza profesa ana haki nusu. Katika nchi nyingi, kitu kikishaoneshwa hadharani kabla ya maombi kuwasilishwa, hakihesabiki tena kuwa kipya, na maombi yanaweza kuanguka. Hana nia mbaya anapokuambia ungoje. Lakini kinachongojewa ni siku ya kuwasilisha maombi, si siku ya kupewa hataza yenyewe, ambayo inaweza kuchukua miaka. Muulize: mnawasilisha lini? Akikupa tarehe, una jambo la kupanga na ukumbi wa sanaa. Tena kwa ulivyonieleza, kazi yako ndefu imetengenezwa kwa nyavu za zamani zilizoshindwa. Kama fundo jipya halimo ndani yake, haifichui siri yoyote. Mwalike aje aitazame kwa macho yake, akuandikie kwamba hana kipingamizi. Kuhusu nyavu zenyewe, uzi unaweza kuwa mali ya maabara na bado kazi ya sanaa ikawa yako. Omba barua fupi ya kukukabidhi zile nyavu kuukuu, ambazo bila wewe zingetupwa.

Na kama fundo limo kwenye madai ya hataza, jina lako liandikwe kama mvumbuzi. Mvumbuzi na mmiliki ni vitu viwili. Chuo kinaweza kuwa mmiliki kwa taratibu zake, lakini aliyebuni hutajwa. Vyuo vikuu vingi vina ofisi inayoshughulikia miliki ubunifu. Nenda huko mwenyewe ukajitambulishe, maana huenda hawajui kwamba upo.

Kuna jambo hapa ambalo ni kubwa kuliko wewe na profesa. Umesema fundo ulilitoa kwenye mshono wa nyanya. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, na msingi wake ni kwamba maarifa ya jamii hayachukuliwi na kutumiwa kibiashara bila ridhaa ya wenyewe. Kwa hiyo kaa na wasusi wenzako, hasa wale wakongwe, muulizane: mshono huu ni wa watu wangapi? Nilichobadilisha mimi ni nini, na nilichorithi ni kipi? Jibu hilo unalihitaji kwa ajili ya hataza, na unalihitaji pia ili ulale usingizi. Ikionekana sehemu kubwa ni ya jamii, wewe ndiwe unayepaswa kulisema hilo chuoni kwanza, kabla mtu mwingine hajaja kuwauliza mmeyatoa wapi.

Sasa hicho kitu cha kupendeza cha kutundika ukumbini. Hapa simama kabisa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena sentensi hiyo. Wakikuomba usuke, ukasuka, na hamkuandikiana kitu, wanaweza kuichapisha picha ya kazi yako kwenye kalenda, kwenye mabango na kwenye ripoti bila kukurudia. Haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeitengeneza, na ya kupinga isiharibiwe, inabaki kwako, lakini haki ya mapato inaweza kuwa imekwenda. Dawa yake ni sentensi moja kwenye karatasi ya makubaliano: hakimiliki inabaki kwa msanii, chuo kinaruhusiwa kuitumia kwa jambo hili na hili, kwa muda fulani. Ukitaka ushahidi zaidi, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inasajili kazi, ingawa haki yenyewe haitegemei usajili.

Malipo nayo yatajwe. Nauli na chakula cha mchana ni ukarimu, si ujira. Uliza kwa utulivu kama ruzuku yao ina fungu la kuwafikishia wananchi matokeo ya utafiti. Nyingi zinalo, na mara nyingi huliwa na mabango na fulana.

Mambo haya yanawezekana hata kwetu. Jirani yako hapo Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wasanii Miriam Syowia Kyambi na James Muriuki walishirikiana na watafiti katika mradi wa Wellcome Collection, makumbusho ya London, uliowaweka wasanii kwenye vituo vya utafiti wa afya katika nchi sita. Kazi zilizotokana na mradi huo zilioneshwa London kuanzia Novemba 2013, kwa majina ya wasanii wenyewe. Palikuwa na mpango na bajeti, na kila mtu alijua ameitwa kufanya nini. Hicho ndicho unachokosa, na kinaweza kuombwa katikati ya safari.

Nimekuandikia rasimu ya ujumbe. Ubadilishe maneno yawe yako.

"Profesa, habari za kazi. Nashukuru kwa nafasi niliyopewa katika maabara, na ningependa tuendelee pamoja. Nimeisoma rasimu ya makala. Mbinu ya kuitenganisha mishipi kwa fundo niliileta mimi, pamoja na mchoro wake. Nimeambatanisha picha na tarehe zake. Naomba nitajwe miongoni mwa waandishi kwa mchango huo, nami niko tayari kuandika aya ya mbinu, kuipitia rasimu yote na kujibu maswali ya wahakiki. Nimeambatanisha pia makala ya Virginia Tech ya mwaka 2018, ambayo naona inafaa kutajwa, na ambayo mbunifu wa bidhaa ni mmoja wa waandishi wake. Naomba pia tarehe mnayotarajia kuwasilisha maombi ya hataza, ili nipange maonyesho yangu bila kuwaharibia. Naweza kuja siku yoyote wiki hii tuzungumze."

Mpelekee, kisha nenda mkaonane uso kwa uso, na mkishazungumza mwandikie tena ukieleza mlichokubaliana. Akikataa yote, muulize kwa maandishi ni kanuni gani ya jarida inayokuzuia, halafu uipeleke barua hiyo kwenye ofisi ya utafiti ya chuo. Hapo utakuwa umegusa mahali panapouma, najua. Wengine hukasirika. Wengine, na hawa ni wengi kuliko unavyodhani, husema hawakuwa wamelifikiria jambo hilo, wakaongeza jina siku hiyohiyo.

Mumeo anakutakia mema anaposema uache, na kama mambo yote yatagoma, ushauri wake utakuwa sahihi: chukua kazi yako ndefu na barua ya kukabidhiwa nyavu, uende. Lakini usiondoke kabla hujauliza. Mtu aliyefurahia kazi kama ulivyoieleza hastahili kuiacha kwa sababu ya swali ambalo halijaulizwa.

Kuhusu usiku wa wafadhili, nenda, na kanga vaa ukipenda wewe. Kibandiko cha kazi kiwe na jina lako kamili, la kijana aliyepima, na maneno kwamba mshono umetoka kwa wasusi wa Kilifi. Wafadhili wakiuliza, ueleze wewe mwenyewe jinsi maji yanavyoteremka. Karatasi ya makubaliano ije kwanza. Isipofika ikiwa imetiwa saini, usichane hata mwaa mmoja.